Serikali ikikunyima au kukufutia kibali cha kusafirisha mazao ya bahari nje ya nchi: mahakama inaweza kufanya nini, na haiwezi nini?

Mleta mada:

Ndugu wanajukwaa, msafirishaji wa kamba, pweza au kaa anapolalamika kwamba kibali chake kimefutwa au kimekaliwa mezani, ushauri anaopewa karibu kila mara ni mmoja: nenda mahakamani. Ushauri huo si mbaya, ila umeishia njiani. Anayeufuata bila kujua mapitio ya mahakama ni kitu gani hufika mbele ya jaji akiomba kibali, na jaji hana kibali cha kumpa. Ninachotaka kusema katika uzi huu ni kwamba, kwa bidhaa inayooza, shauri la mapitio huamuliwa katika siku za mwanzo, kwenye barua ya kudai sababu na kwenye ombi la amri ya muda. Hukumu inayotoka baada ya mwaka inaweza kuwa tamu kuisoma, lakini mzigo ulishaharibika na mnunuzi alishahamia kwa mwingine.

Tuanze na kazi ya jaji. Mapitio si rufaa. Katika rufaa jaji anaweza kuuliza kama uamuzi ulikuwa sahihi na kuweka wake mahali pake. Katika mapitio anauliza kama aliyeamua alikuwa na mamlaka hayo kisheria, kama alifuata utaratibu, na kama uamuzi wenyewe unabebeka kwa akili ya kawaida. Mwaka 1984, katika shauri la Council of Civil Service Unions nchini Uingereza, Jaji Lord Diplock aliziweka sababu hizo katika makundi matatu: uharamu wa uamuzi, kukosa mantiki, na ukiukwaji wa utaratibu. Mahakama za nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza, zikiwamo za Afrika Mashariki, hadi leo hutumia mgawanyo huo au zimeuandika upya katika sheria zao. Kenya, kwa mfano, imeupanua na kuuweka katika Sheria ya Haki ya Hatua za Kiutawala ya mwaka 2015, inayotekeleza ibara ya 47 ya Katiba yake ya 2010. Afrika Kusini ina Sheria namba 3 ya mwaka 2000 inayofanya kazi hiyohiyo.

Jambo la pili, ambalo wengi hulipita, ni kwamba vibali havilingani mbele ya mahakama. Mwaka 1978, katika shauri la McInnes dhidi ya Onslow-Fane, Jaji Megarry alitofautisha hali tatu: mtu anayenyang'anywa leseni aliyokuwa nayo, mtu anayeomba leseni kwa mara ya kwanza, na mtu aliye katikati, yaani mwenye sababu ya kutarajia kwamba ombi lake litakubaliwa, kama vile anayehuisha leseni iliyokwisha muda. Shauri lenyewe lilihusu meneja wa mabondia, halikuwa na samaki hata mmoja, lakini mgawanyo wake unawafaa sana wasafirishaji. Aliyefutiwa kibali katikati ya msimu anastahili kuelezwa tuhuma, kupewa nafasi ya kujibu, na kusikilizwa na mtu asiye na upande. Anayehuisha anastahili walau kuambiwa ni nini kimebadilika tangu mwaka uliopita. Anayeomba upya hudai machache zaidi: ombi lake lishughulikiwe kwa uaminifu, bila upendeleo na bila utashi wa mtu binafsi. Ukiingia mahakamani na hoja za mtu wa kundi la kwanza ilhali wewe ni wa kundi la tatu, wakili wa serikali hatahitaji kutoa jasho.

Kwa wanaodhani ahadi ya waziri inatosha, lipo shauri la Kanada la Comeau's Sea Foods. Desemba 1987 Waziri wa Uvuvi aliidhinisha kampuni hiyo ipewe leseni za majaribio za kuvua kamba kochi mbali na pwani. Kampuni ikatumia zaidi ya dola 500,000 za nchi hiyo kuitengeneza meli yake kwa kazi hiyo. Wavuvi wa pwani wakapinga, waziri akageuka, na leseni hazikutolewa. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya Kanada ilisema kwamba mamlaka ya waziri yaliendelea hadi pale leseni ingetolewa hasa, kwa hiyo alikuwa huru kubadili mawazo ilimradi sababu zake ni za kisera na hazikutoka nje ya malengo ya sheria. Kampuni ilishindwa. Kwangu mimi hilo ndilo shauri la kwanza ambalo msafirishaji anapaswa kusimuliwa kabla hajakopa benki kwa kutegemea barua inayosema ombi lake "linaelekea kukubaliwa".

Hoja zipi basi hupata nguvu? Kwa maoni yangu, yenye nguvu kuliko zote ni ile isiyo na mbwembwe: nani alisaini? Sheria za uvuvi kwa kawaida humpa mamlaka ya kibali ofisa mmoja aliyetajwa kwa cheo, mara nyingi mkurugenzi. Ikiwa mkurugenzi alikuwa ameridhika na ombi, kisha akalikataa kwa sababu tu amepigiwa simu kutoka juu, ameacha kuamua yeye na kuwa karani wa uamuzi wa mwingine, na uamuzi wa namna hiyo hutenguliwa hata kama aliyepiga simu ana cheo kikubwa. Inayofuata ni kutumia mamlaka kwa lengo lisilo la sheria. Tangu shauri la Padfield la mwaka 1968, lililomhusu Waziri wa Kilimo wa Uingereza, inajulikana kwamba hakuna hiari isiyo na mipaka, na kwamba kibali kilichowekwa kulinda afya ya mlaji au akiba ya samaki hakiwezi kugeuzwa fimbo ya kumwadhibu mfanyabiashara kwa mambo mengine.

Ipo pia hoja ya sera ngumu. Wizara inaruhusiwa kuwa na sera, tena ni vizuri iwe nayo, ila haipaswi kuziba masikio. Shauri la British Oxygen la mwaka 1970 liliweka kipimo ninachokipenda kwa unyofu wake: mwenye mamlaka anaweza kufuata kanuni aliyojiwekea, ilimradi yuko tayari kumsikiliza mtu mwenye jambo jipya la kusema. Ofisa anayekujibu kwamba hata faili lako halikufunguliwa kwa sababu sera hairuhusu amekupa hoja bila kujua.

Kuhusu muda, tazameni tofauti hizi na msilale. Tanzania Bara, chini ya kanuni za mwaka 2014, mwombaji huanza kwa kuomba ruhusa ya mahakama ndani ya miezi 6 tangu uamuzi utolewe, na akishapewa ruhusa ana siku 14 za kuleta maombi yenyewe. Afrika Kusini ukomo ni siku 180, na hapohapo sheria inasisitiza kwamba hata kabla ya siku hizo hupaswi kuchelewa bila sababu. Uingereza ni haraka iwezekanavyo, na kwa vyovyote si zaidi ya miezi 3. Msafirishaji anayetumia miezi mitano kwenda na kurudi ofisini akiahidiwa kwamba suala lake "linashughulikiwa" anaila haki yake mwenyewe, kwa kuwa ahadi za mdomo hazisimamishi saa.

Nafungua mjadala.

Mchangiaji wa pili:

Mleta mada, nashukuru kwa maelezo, lakini umesema siku za mwanzo ndizo zinazoamua kisha hukutueleza namna ya kuzitumia. Nina kibali, kimefutwa Jumatatu, nina mzigo ndani ya chumba cha baridi na mwingine uko njiani kwenda uwanja wa ndege. Nifanye nini kabla ya Ijumaa? Na je, jibu ni hilohilo kwa mwenzangu ambaye ombi lake limekataliwa tu?

Mleta mada:

Ndugu, swali lako la pili ndilo linalobeba la kwanza, kwa hiyo nitaanzia hapo.

Mahakama inaposimamisha uamuzi kwa muda, hurudisha hali ilivyokuwa kabla ya uamuzi huo. Kwa aliyefutiwa, hali ya kabla ni kwamba alikuwa na kibali. Amri ya kusimamisha inakirudisha kibali kazini na anaweza kusafirisha wakati shauri linaendelea. Kwa aliyekataliwa, hali ya kabla ni kwamba hakuwa na kitu, na ukisimamisha kukataliwa kwake anabaki bila kitu vilevile. Huyo wa pili anahitaji amri ya muda inayomlazimisha ofisa kutenda, na majaji huitoa kwa kusitasita sana, kwa sababu ni karibu sawa na kumpa ushindi kabla ya shauri kusikilizwa. Ndiyo maana namshauri aliyekataliwa aombe jambo dogo linalopatikana: ombi lake liamuliwe upya ndani ya siku zilizotajwa, na shauri lisikilizwe kwa hati ya dharura.

Kwako wewe uliyefutiwa, barua ya kudai sababu kwa maandishi itoke siku hiyohiyo, tena iseme wazi kwamba mzigo unaharibika na lini utakuwa umeharibika. Barua hiyo inafanya kazi mbili. Ofisa akijibu, sasa una sababu za kushambulia na hawezi kuzibadilisha baadaye kirahisi. Asipojibu, ukimya wake unakuwa sehemu ya ushahidi wako. Kisha peleka ombi la ruhusa likiwa na ombi la kusimamisha uamuzi ndani yake. Kenya jambo hili limeandikwa katika Amri ya 53 ya Kanuni za Mwenendo wa Madai: jaji akiagiza hivyo, kutolewa kwa ruhusa kwenyewe kunasimamisha mwenendo unaolalamikiwa. Usipoomba, usitegemee jaji akukumbushe.

Nikumbushe pia kwamba amri za muda dhidi ya serikali ziliwahi kuonekana haziwezekani kabisa Uingereza, mpaka shauri la Factortame lilipofika. Lilihusu kampuni za meli za uvuvi zilizokuwa na wenyewe wa Kihispania na sheria ya usajili wa meli ya mwaka 1988. Mwaka 1990 Baraza la Mabwana, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, baada ya kupata tafsiri kutoka Mahakama ya Ulaya, liliizuia serikali kwa muda kutumia sehemu ya sheria iliyopitishwa na Bunge. Msingi wake ulikuwa sheria ya Ulaya, kwa hiyo usiinukuu kila mahali kana kwamba ni ya wote.

Mchangiaji wa tatu:

Nimesoma kwa makini na nina wasiwasi na mwelekeo wa uzi. Kila mfano uliotolewa unamtazama msafirishaji kama mwonewa. Mimi nimefanya kazi na jamii za wavuvi, na nimeona vibali vilivyotolewa kwa urahisi mno vikifuatiwa na bahari tupu. Chukueni jongoo bahari. Mwaka 2019 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, ziliingiza aina tatu za jongoo bahari wa thamani kubwa katika Kiambatisho cha Pili, na uamuzi huo ukaanza kutumika Agosti 2020. Maana yake ni kwamba kibali cha kuwasafirisha nje hakiwezi kutolewa mpaka mamlaka ya kisayansi ya nchi iseme kwamba usafirishaji huo hautaathiri uhai wa spishi. Je, jaji aliyesomea sheria ndiye atakayesema idadi ya viumbe walioko kwenye miamba? Na je, mwananchi wa pwani hana haki ya kupinga kibali kilichotolewa, au mapitio ni ya wenye viwanda pekee?

Mleta mada:

Hoja nzito, na sehemu yake ya mwisho nakubaliana nayo moja kwa moja. Mapitio ni ya yeyote mwenye maslahi ya kutosha katika uamuzi, na kibali kilichotolewa isivyo halali hupingwa kwa njia ileile kama kilichokataliwa isivyo halali. Mfano wako wa CITES ndio mzuri kuliko wote, kwa sababu tamko la wanasayansi ni sharti la kutangulia. Likikosekana, ofisa hakuwa na mamlaka ya kutoa kibali, na jaji hahitaji kuhesabu jongoo hata mmoja. Anaomba aoneshwe karatasi. Tena upande huo una mvuto wa rushwa kuliko huu wa wanaokataliwa. Indonesia ilifungua upya usafirishaji wa viluwiluwi vya kamba kochi mwaka 2020 baada ya kuupiga marufuku kwa miaka kadhaa, na kabla mwaka huo haujaisha waziri wake wa bahari na uvuvi, Edhy Prabowo, alikamatwa na tume ya kupambana na rushwa kwa mambo ya vibali hivyohivyo. Mwaka 2021 akahukumiwa kifungo.

Kuhusu jaji na sayansi, mahakama zenyewe zimeshalifikiria. Katika shauri la Bato Star la mwaka 2004, kampuni ya uvuvi ya Afrika Kusini ililalamika kwamba imepewa mgawo mdogo wa samaki aina ya heki. Mahakama ya Katiba, kwa kalamu ya Jaji O'Regan, ilisema kwamba pale uamuzi unapohitaji kusawazisha malengo mengi na utaalamu maalumu, mahakama inapaswa kuuheshimu uchaguzi wa mwenye mamlaka. Lakini heshima hiyo haina maana ya kupiga muhuri uamuzi usio wa busara kwa sababu tu jambo lenyewe ni gumu. Kampuni ilishindwa. Kwa upande mwingine, mwaka 1993 Mahakama ya Shirikisho ya Australia, katika shauri la Austral Fisheries, iliukataa mpango wa mgawo uliotumia fomula yenye kasoro ya kitakwimu iliyotoa matokeo yasiyo na mantiki. Wataalamu waliachiwa utaalamu wao. Hesabu isiyosimama haikuachwa.

Kwa hiyo anayekwenda kupinga uamuzi wa kisayansi asiende na mtaalamu wake wa kubishana na mtaalamu wa serikali, kwa maana mbele ya jaji wa mapitio serikali mara nyingi itashinda ubishi huo. Aende na swali la kama data ilitazamwa kabisa, kama ilikuwa ya spishi hiyo na eneo hilo, na kama hitimisho linatokana nayo.

Mchangiaji wa nne:

Naongeza kidogo kama mtu wa mashauri haya. Jaji wa mapitio husoma kumbukumbu za uamuzi, yaani vile vilivyokuwa mbele ya ofisa siku alipoamua. Majibu ya maabara uliyoyapata wiki mbili baadaye, hata yakiwa safi namna gani, kwa kawaida hayatakusaidia. Kwa hiyo shauri lako unaanza kulijenga siku unayopeleka ombi la kibali: ambatanisha rekodi za joto la chumba cha baridi, vyeti vya afya, ramani ya mnyororo kutoka chomboni hadi kiwandani, na upate muhuri wa mapokezi kwenye nakala yako. Wateja wengi huniletea kesi ambayo ushahidi wake mzuri wote ulizaliwa baada ya uamuzi.

La pili ni rufaa ya ndani. Ikiwa sheria ya uvuvi inampa aliyekataliwa haki ya kukata rufaa kwa waziri au baraza, mahakama itauliza kwa nini hukuitumia. Sheria ya Kenya ya 2015 na ile ya Afrika Kusini zote zinadai uzimalize kwanza njia za ndani, isipokuwa kwa sababu za pekee ambazo mahakama inaombwa izikubali. Kuharibika kwa bidhaa kunaweza kuwa sababu hiyo, lakini lazima uiombe kwa maandishi na uithibitishe. Na unapokwenda kuomba amri upande mmoja ukiwa peke yako, eleza hata yanayokuumiza. Ukificha kwamba kiwanda chako kilifungiwa mwaka jana, amri itafutwa siku serikali itakapolisema hilo.

Mchangiaji wa tano:

Wakuu, mimi nauliza mawili mafupi. Nikishinda, nalipwa hasara? Na kama nchi nunuzi ndiyo imefunga mlango, mapitio yananisaidia?

Mleta mada:

La kwanza: kwa kawaida hapana. Amri za asili za mapitio ni kutengua, kuzuia na kulazimisha, fidia haimo. Uamuzi kuwa batili hakumfanyi ofisa awe mdaiwa. Ili ulipwe unahitaji msingi mwingine, kama vile kuthibitisha kwamba ofisa alitumia wadhifa wake vibaya kwa makusudi, jambo gumu sana kulithibitisha. Kenya imelegeza kwa kuiruhusu mahakama kuagiza malipo ya fedha katika mashauri yanayostahili. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 2015 mahakama za Uingereza hutakiwa kunyima nafuu ikiwa kuna uwezekano mkubwa sana kwamba matokeo yasingetofautiana kwa kiasi cha maana hata utaratibu usingekiukwa. Binafsi siipendi kanuni hiyo, kwa kuwa inamlazimu jaji kukisia uamuzi ambao ofisa hakuufanya, lakini ipo.

La pili: hapana, isipokuwa kwa kipande kimoja. China ilipozuia mazao yote ya bahari kutoka Japani Agosti 2023 kufuatia kumwagwa baharini kwa maji ya kituo cha nyuklia cha Fukushima, hakuna mahakama ya Japani iliyokuwa na uwezo wa kuufungua mlango huo. Huo ni uamuzi wa dola nyingine. Lakini mara nyingi mlango unafungwa nje kwa sababu ya karatasi inayotoka ndani. Chini ya Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1005 ya mwaka 2008, inayotumika tangu Januari 1, 2010, mazao ya uvuvi wa baharini hayaingii huko bila cheti cha uvuaji kilichothibitishwa na nchi ambayo chombo kimesajiliwa. Ofisa wa nchi hiyo akikataa kuthibitisha, au akikikalia cheti mpaka meli ya mizigo iondoke, huo ni uamuzi wa kiutawala kama mwingine wowote na unaweza kupitiwa katika mahakama ya nchi yake. Kukaa kimya nako kunahesabika: ukishadai kwa maandishi na muda wa kuridhisha ukapita, unaomba amri ya kumlazimisha aamue. Angalieni neno hilo, aamue. Anaweza kuamua kukataa, na mtaanza upya mkiwa sasa na sababu mkononi.